Shajara ya mradi: nani kala mihogo? Kusoma kinyesi bustanini Kiomoni, Tanga

Juni, kusi limeanza

Bustani iko Kiomoni, kwenye mteremko unaoshukia Mto Mkulumuzi, si mbali na mapango ya Amboni. Juu kuna mihogo na viazi vitamu, katikati matuta ya mchicha, bamia na nyanya, bondeni migomba, na pembeni mipapai, mipera na mzambarau mkubwa. Hasara ni ya kila usiku na kila mtu ana mshitakiwa wake. Mwenye mihogo anasema nguruwe, mwenye kuku anasema kicheche, mwenye mapapai anamtaja fungo. Tatizo ni kwamba uzio wa nguruwe haumzuii nungunungu, na uzio wa nungunungu haumsumbui komba hata kidogo. Kabla ya kununua wavu hata mita moja, kazi ni kujua nani anaingia. Kinyesi ndicho ushahidi wa bei nafuu kuliko wote: mnyama wa usiku anaweza asionekane mwaka mzima, lakini hawezi kuacha kunya.

Kazi ya kwanza ni ramani. Bustani imegawanywa kwa kamba na vigingi kuwa miraba ya mita 10 kwa 10, kila mmoja na jina lake: A1, A2, B1 na kuendelea. Kuizunguka pande zote umetengwa ukanda wa upana wa mita moja uliopaliliwa na kusawazishwa kwa reki. Ukanda huu hautiwi samadi kabisa. Sababu ni hii: matuta ya mboga yamejaa samadi ya mbuzi, na punje za mbuzi zilizolowa zikakauka tena husinyaa na kuanza kufanana na za paa, yule swala mdogo wa porini. Bila ukanda safi, kila asubuhi utakuwa unachunguza mbolea yako mwenyewe. Kwenye matuta sasa inatumika mboji iliyoiva na kuchekechwa tu.

Vifaa: glovu za mpira, barakoa, rula ya sentimita 15, kalipa ya kupimia unene, simu yenye kamera, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, vijiti, penseli, na mifuko ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ya kaki inapatikana kila duka, na kwa kazi hii ni bora hata hivyo. Sampuli mbichi ikifungwa ndani ya plastiki hutoa jasho, na ndani ya siku mbili kwa unyevu wa Tanga inaota ukungu mweupe unaoficha kila kitu. Maandishi yawe ya penseli, kwa sababu wino hutiririka karatasi ikilowa umande.

Juni, utaratibu wa ukaguzi

Ukaguzi unafanyika kuanzia saa 12 alfajiri na kumalizika kabla ya saa 2. Ukichelewa, kuku wameshachakura na dundu wa mavi wameshabeba. Dundu hawa si wa kudharau: fungu la kinyesi laini linaweza kuisha lote usiku mmoja, likabaki duara la udongo uliotifuliwa. Duara hilo nalo linaandikwa, kwa sababu linaonyesha kuwa kulikuwa na kitu. Kinyesi kikavu chenye nyuzi hakina soko kwa dundu, ila mchwa hukivamia kwa chini.

Kila kinachopatikana hupigwa picha tatu: moja kutoka juu moja kwa moja na rula kando yake, moja kutoka ubavuni, na moja ya mazingira kutoka hatua mbili nyuma. Picha ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye thamani kubwa. Mahali pa kinyesi hueleza mengi kuliko umbo lake: juu ya jiwe, katikati ya njia, chini ya tawi, kwenye paa la banda, au rundo lilelile kila siku.

Kinachopimwa ni unene wa sehemu nene zaidi. Urefu unaandikwa lakini hautegemewi, maana vipande hukatika vinapodondoka. Kinyesi kilichonyeshewa hakipimwi, kinaandikwa tu «kimelowa», kwa kuwa chenye nyuzi huvimba na chenye manyoya hulegea na kutawanyika. Ukishaandika, ondoa kinyesi chote na usawazishe udongo, ili cha kesho kijulikane kuwa ni cha kesho. Isipokuwa kwenye choo cha mnyama, yaani mahali anaporudi kujisaidia mara kwa mara. Hapo chukua kipande kimoja tu na uchomeke njiti kando ya vilivyobaki, kwa sababu ukisafisha pote anaweza kuhama na umepoteza kituo chako bora cha uchunguzi.

Safu ya mwisho ya fomu ni ya uhakika, na ina majibu matatu: hakika, huenda, haijulikani. «Haijulikani» nyingi si aibu. Fomu yenye «hakika» tupu ndiyo ya kutiliwa shaka.

Julai, kwenye mihogo

Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa hiyo hapa ndipo pamekaguliwa sana. Wala mihogo wa usiku kwenye eneo hili ni watatu: nguruwe pori, nungunungu na panya buku. Kila mmoja anaacha saini mbili, ya meno na ya kinyesi, na inafaa zikubaliane kabla ya kuandika jina.

Nguruwe pori hufukua kwa pua. Udongo unageuzwa eneo pana, mashina yanalala, mizizi inaliwa nusu nusu. Kinyesi chake ni mabonge yaliyobanana, kila moja limeundwa na vipande bapa vilivyoshikamana, na ndani kuna nyuzi na mbegu zilizotafunwa vibaya. Harufu yake haitofautiani sana na ya nguruwe wa kufugwa. Kinapopatikana karibu na zizi la nguruwe, kuna jambo lingine zaidi ya mihogo: nguruwe pori na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, wakati nguruwe wa kufugwa wakiambukizwa hufa wengi. Buti zilizokanyaga eneo lile zioshwe kabla ya kuingia zizini.

Nungunungu hufanya kazi safi zaidi. Anachimba shimo moja kwenye shina moja, anaguguna mzizi, na kwenye kipande kilichobaki unaona mifereji miwili miwili ya meno ya mbele, mipana. Kinyesi chake ukishakijua hukisahau: vipande vya kahawia iliyoiva, virefu na vilivyochongoka ncha kama kokwa za tende ila vikubwa zaidi, vya sentimita 4 hadi 7, na mara nyingi vimeunganishwa kwa nyuzi za mimea hadi vikawa mkufu. Kivunje kwa kijiti utaona nyuzinyuzi tupu, kama vumbi la mbao lililoshikana. Mwiba wake ukiokotwa njiani ni nyongeza nzuri, lakini mwiba mmoja si ushahidi wa usiku wa jana. Unaweza kuwa umelala pale tangu masika.

Panya buku yeye huingia kwa ubavuni, anachimba njia inayoishia kwenye mzizi, na shina linabaki limesimama hadi siku unapolivuta na kukuta chini hakuna kitu. Punje zake zinafanana na za panya wa nyumbani, ila ni kubwa kiasi cha mara mbili. Huyu ndiye yuleyule ambaye ndugu zake wanafundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, jambo ambalo halimpunguzii hatia yoyote kwenye mihogo.

Matokeo ya Julai: mabonge ya nguruwe yamepatikana kwenye miraba ya juu kabisa tu, kandokando ya pori. Mikufu ya nungunungu ipo karibu kila mraba wa mihogo, na meno yanakubaliana nayo. Sehemu kubwa ya hasara iliyokuwa ikiandikwa kwa jina la nguruwe inahamia kwa nungunungu.

Julai, punje

Punje ndogo zinapoteza watu wengi, kwa hiyo tumeziwekea utaratibu wake.

Mbuzi wa jirani ndiye mgeni wa mara nyingi kuliko mnyama yeyote wa porini, na hilo liandikwe bila haya. Punje zake ni za milimita 10 hadi 15, anazimwaga akitembea, kwa hiyo zinachora mstari. Paa ni mdogo sana, na punje zake hazifiki milimita 10. Tofauti kubwa zaidi ni rundo: paa hurudi kwenye fungu lake lilelile, na ukichokonoa utaona za juu zina mng'ao mweusi, za chini zimepauka. Mbuzi hana adabu hiyo.

Sungura ana punje za mviringo zilizobonyea kidogo, rangi ya majani makavu, na ukiipasua moja ndani ni vipande vya nyasi vilivyokatwakatwa, karibu hakuna kitu kingine. Anakula kinyesi chake laini cha kwanza na kukimeng'enya mara ya pili, ndiyo maana hiki cha mwisho ni kikavu hivyo.

Ndezi, mgugunaji mkubwa mla majani, yuko chini kwenye migomba na matete. Punje zake ni ndefu, karibu sentimita 2, na nyingi zina mfereji mwembamba ubavuni, unaoonekana vizuri mwanga ukipigwa kwa pembeni. Hata usipoziona, angalia mashina: ndezi hukata kwa mshazari na kuacha vipande vifupi vimelala njiani mwake kwa mafungu.

Halafu kuna punje nyeusi za ghalani, za milimita 4 hadi 10, ambazo kila mtu huziita za panya. Ziko za aina tatu. Yenye ncha nyeupe ni ya mjusi, kwa sababu mijusi, kama ndege, hutoa mkojo wao mzito mweupe pamoja na kinyesi. Isiyo na nyeupe, ibonyeze kwa kijiti juu ya karatasi nyeupe. Ikisagika kirahisi kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa, ni ya popo mla wadudu, na ule mng'ao ni magamba ya wadudu. Ikiwa ngumu na haisagiki, ni ya panya. Jaribio hili ni la sekunde kumi na halijawahi kuhitaji kifaa kingine, sharti punje iwe imekauka. Usilifanye kwa vidole.

Chini ya popo ghalani hapafagiliwi pakiwa pakavu. Kinyesi cha popo kilichokaa kinaweza kuotesha kuvu anayeshambulia mapafu pale vumbi linapovutwa. Fungua milango, vaa barakoa inayobana, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa kiasi cha sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji, subiri kilowe chote, kisha zoa kwa koleo.

Agosti, wala nyama na wala kila kitu

Kando ya njia inayoshuka mtoni kuna choo cha fungo, mahali peupe pasipo majani. Kinyesi chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, unene unazidi milimita 20, na kilichomo ni mchanganyiko usio na mfano: mbegu za papai, kokwa za zambarau, nyasi, mifupa ya panya, na pete za jongoo. Hizo pete ndizo za kutafuta. Wanyama wengi hawagusi jongoo kwa sababu ya sumu yake, fungo anamla tu. Ukikuta pete ngumu nyeusi za jongoo zimejaa kwenye kinyesi kinene kilichowekwa mahali pamoja na vingine, andika «hakika». Mbegu za papai zilizomo zinatoka kwenye matunda yaliyoanguka. Dawa yake ni kuokota mapapai jioni, basi. Anakula panya na jongoo wako bure, hakuna haja ya kumfukuza.

Kinyesi cha kanu, mnyama mwembamba wa usiku mwenye umbo kama la paka, ni chembamba zaidi, milimita 10 hadi 15, na mwenyewe anapenda mahali palipoinuka. Kinyesi juu ya bati la banda la kuku kilikuwa na manyoya ya panya yaliyosokotwa na ncha ndefu iliyochongoka. Paka angefukia, kanu huacha wazi. Mbwa wa mtaani anafanana kwa unene na fungo, ila chake ni laini kila mahali, mabaki ya ugali na mifupa iliyopikwa, bila wadudu wala kokwa.

Kwa vile vya «huenda», tunaosha. Sampuli inachemshwa dakika 15 kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, nje ya nyumba na upande upepo unakokwenda. Kuanika juani pekee hakutoshi kuua mayai ya minyoo. Baada ya hapo inaloweka usiku kucha kwenye maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya unga kwa lita, kisha inachekechwa chini ya maji yanayotiririka polepole. Chekecheo la unga wa ngano linafaa. La mahindi lina matundu makubwa, manyoya na miguu ya wadudu inapita yote, na unabaki na mifupa peke yake ukaamini mnyama anakula nyama tupu. Mabaki yanatandazwa kwenye karatasi nyeupe na kugawanywa: mifupa, manyoya, mbegu, magamba, nyasi.

Vitu viwili vimejifanya kinyesi cha mla nyama. Cha kwanza ni mabonge ya kijivu chini ya mnazi, yamejaa manyoya na mifupa. Hayo ni matapishi ya bundi. Bundi humeza panya mzima na kutapika asichoweza kumeng'enya, ndiyo maana mafuvu humo ni mazima na meno yake, ilhali mla nyama mwenye meno huvunja mifupa vipande vipande. Watu wanaodai bundi ni uchuro wangehesabu mafuvu ya panya ndani ya bonge moja. Cha pili ni kile kipande cheusi kinene cha sentimita 2 hadi 3 karibu na ndoo ya maji, kimejaa vichwa vya siafu na mabawa ya dundu. Aliyepewa kesi hiyo ni nguchiro. Ni cha chura. Chura mkubwa hunya kipande kikubwa kuliko mtu anavyotarajia, na alama yake ni kwamba hakina nyasi, mbegu wala unywele hata mmoja, ni wadudu tu waliogandamizwa.

Mtoni, kwenye mawe, kuna kinyesi cha magamba ya kaa. Kinaweza kuwa cha fisi maji au cha nguchiro wa majini, unene uko katikati ya wote wawili, na kimeandikwa «haijulikani». Hakigusi mboga, kwa hiyo hakijapewa muda zaidi.

Septemba, juu ya miti

Chini ya mipera kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Michirizi yenye mbegu ndogo iliyonata kwenye majani ni kinyesi cha popo wala matunda. Vidonge vikavu vya nyuzi ni makapi: popo hutafuna, hufyonza maji, hutema. Makapi hayapimwi kama kinyesi, ila ni ushahidi bora, kwa kuwa mara nyingi yana alama za mikunjo ya kaakaa. Tunda lenye alama za meno haliliwi wala halikatwi kuondoa sehemu iliyoumwa, linazikwa. Popo wa matunda wanaolala mapangoni wa jamii ya popo wa Misri ndio wanaotunza virusi vya Marburg, ugonjwa uliotangazwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Hakuna sababu ya hofu, wala ya kwenda kuwachoma moto pangoni. Glovu na tunda la kutupa vinatosha.

Komba huacha kidogo sana. Vinyesi vyake vidogo hutawanyika akiruka, na tumevipata tu kwenye turubai lililotandikwa chini ya mnazi unaogemwa. Mahali pa kumtafuta palijulikana kabla ya mradi: kila mgema anajua nani anamaliza tembo kwenye kibuyu usiku.

Tumbili anakuja mchana na hahitaji kusomwa kinyesi, anaonekana.

Majaribio ya uzio yameanza. Kwa nungunungu, wavu wa chuma umefukiwa sentimita 40 chini na kukunjwa kwenda nje, kwa sababu akichimba anaanzia pale uzio unapogusa ardhi. Mahali ulipofukiwa sentimita 20 tu, mkufu mpya umepatikana upande wa ndani. Kwa ndezi, matete na nyasi zimefyekwa ukanda wa mita 4 kando ya migomba, na punje zimepungua kwenye miraba ile bila wavu wowote, kwani hapendi kuvuka mahali peupe. Mitego ya nyaya haitumiki: haichagui mnyama, na wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Nguruwe wakizidi, taarifa inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ikiwa na fomu na picha zake.

Oktoba, vuli inakaribia

Mvua zikianza, ukanda wa udongo hautasomeka. Vibao vya mbao vya sentimita 60 kwa 60 vimewekwa kwenye njia tano zenye kinyesi kingi, na juu ya kila kimoja kipande cha bati kimeinuliwa kwa vigingi kuzuia matone. Urefu wa bati kutoka ardhini ni sentimita 70. Chini ya hapo nguruwe atapita pembeni, juu zaidi mvua ya upepo inaingia. Juu ya kibao hunyunyiziwa mchanga laini wa mtoni uliochekechwa, unene wa milimita 5. Majivu yalijaribiwa, yakashika umande na kuganda kabla ya alfajiri.

Yaliyobaki kwa mwezi huu: kumalizia wavu wa mraba B3 hadi B6 kwa kina cha sentimita 40, kuhamisha zizi la nguruwe mbali na mpaka wa pori, na kuotesha mbegu kutoka choo cha fungo kwenye makopo ili kujua ni za miti gani.